Msaada: andiko la kuuza mafunzo kwa kampuni linaandikwaje mpaka lijibiwe?

Mkufunzi Huru
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mkufunzi wa kujitegemea, nafundisha wasimamizi na watu wa huduma kwa wateja. Kampuni inanipigia vizuri tu, tunaongea, wanasema "tutumie proposali", natuma, naambiwa imepokelewa tutakurudia na hapo ndo kimya. Darasani simwogopi mtu ila kwenye karatasi kuna kitu sikijui. La kwangu linaanza na wasifu, vyeti, mada za siku zote mbili saa kwa saa, mwisho bei. Nikiliongeza kurasa naona limeshiba, nikilipunguza naogopa kuonekana mbabaishaji. Wazoefu naombeni mwongozo, na bei niiwekeje?

Kalamu Nyekundu
Vyeti peleka mwisho kabisa. Nusu ukurasa vinatosha.

Mama Semina
Mdogo wangu, andiko lako linaanza na wewe, ndo shida yenyewe. Huyo meneja aliyekupigia ana jambo linamkera, labda wamepandisha vyeo watu waliokuwa mafundi wazuri na sasa hawajui kuongoza wenzao, halafu anafungua faili anakutana na picha yako umevaa suti. Ukurasa wa kwanza uwe wake. Andika hali ilivyo kama alivyokueleza, tena kwa maneno yake, inawagharimu nini, na anataka watu wafanye nini ambacho leo hawakifanyi. Na hayo huwezi kuyaandika kama kwenye simu uliuliza siku ngapi na watu wangapi basi. Uliza kwa nini mnataka sasa, mlishawahi kufanya mafunzo kama haya yakaishia wapi, mtajuaje yamefanikiwa, nani anaidhinisha pesa. Mimi nisipokuwa na majibu ya hayo siandiki, naomba simu nyingine fupi.

Malengo nayo, usiniandikie "washiriki wataelewa umuhimu wa huduma bora", kuelewa unakuonaje? Andika "kila msimamizi ataweza kuendesha kikao cha kumrekebisha mfanyakazi kwa hatua tulizozifanyia mazoezi". Hiyo ratiba ya saa kwa saa itoe. Kuna watu wanaichukua kama ilivyo wanampa mkufunzi mwingine wa bei chee, na hawaoni aibu.

Mzee wa Manunuzi
Mimi naongea toka upande wa wanaopokea hayo maandiko. Mkuu, jua kwamba haliishii kwa uliyeongea naye. Mtu wa HR (rasilimali watu) akilipenda analipeleka kwa mkuu wa fedha ambaye kwenye simu hakuwepo, hata jina lako halijui, anasoma ukurasa wa kwanza anarukia bei. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza usimame wenyewe bila wewe kuwepo kuuelezea.

Bei moja peke yake inamfanya ajiulize tumpe au tusimpe. Ukimwekea machaguo matatu anaanza kujiuliza tuchukue lipi: mafunzo tu, mafunzo na ufuatiliaji baada ya wiki kadhaa, au hayo yote pamoja na vikao vya mmoja mmoja na mameneja. Yatofautiane kwa kazi utakayofanya, sio punguzo. Halafu sema bei imebeba nini, washiriki mwisho wangapi, vitini, ukumbi juu ya nani, nauli na malazi juu ya nani, kodi imo au haimo, bei inadumu mpaka tarehe gani. Kikikosekana kimoja tunaliweka pembeni ili tukuulize, na kukuulizaga tunasahau. Ila kama ni tenda achana na haya yote, fuata fomu yao hadi nukta.

Mkufunzi Huru
Mzee nimekuelewa sana, Mama Semina shikamoo. Swali, kwenye matokeo niseme mauzo yatapanda? Maana ndo wanachopenda kusikia.

Mama Semina
Marahaba. Usithubutu! Mauzo yana bei, yana msimu, yana washindani, wewe umekaa nao siku mbili. Tumia ngazi 4 za kupima mafunzo za yule mtaalamu Donald Kirkpatrick, zipo tangu 1959 na watu wengi wa mafunzo wanazijua: waliyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, kampuni imepata nini. Mbili za kwanza zipime mwenyewe hukohuko darasani. Ya tatu andika kwamba mtapima pamoja na mameneja wao, na uwataje hao mameneja kazi yao ni ipi, maana bosi asipofuatilia watu wanarudia yaleyale. Ya nne waachie wao, waifuatilie kwa namba za kampuni yao.

Fundi wa Slaidi
Mmesahau malipo. Nusu kabla, nusu ukimaliza, na wakiahirisha dakika za mwisho kuna asilimia wanalipa. Bila hivyo siingii darasani.

Mzee wa Manunuzi
@Fundi kwa kampuni kubwa hiyo nusu utaisubiri sana, wengi wanalipa siku 30 baada ya ankara na mfumo hauwasikilizi. Bora akomae na kipengele cha kuahirisha, hicho kinapita.

Fundi wa Slaidi
Kinapita kikiandikwa ndani ya andiko. Ukikileta baada ya kukubaliana wanakuona mjanjamjanja. Na wewe mtoa mada, usitume faili ukakaa. Kabla hujatuma kubalianeni siku ya kulipitia pamoja kwa simu, akikataa hata dakika 15 hizo, jua hakuna kazi hapo, anatafuta bei ya kulinganisha tu.