Tupeane uzoefu: mpinzani asiyesalimia kwenye chesi ya mtandaoni

Mwalimu wa Lurambi
Jana usiku nimecheza na mtu wa Ureno, dakika kumi kila mmoja. Nikabonyeza kile kitufe cha salamu cha Lichess, ile tovuti ya kuchezea chesi. Kimya. Nikamtakia mchezo mwema. Kimya. Tumetoka sare, nikaandika GG, yaani "good game", mchezo mzuri, kumbe jamaa ameshatoka. Huku kwetu hata ukiingia bomani kwa mtu kuomba maji unapiga hodi na kusalimia kwanza. Nyinyi mnaocheza kila siku, watu wa aina hii mnawachukuliaje?

Kasuku254
Dakika kumi una nafasi ya kupiga stori, mwalimu. Mimi hucheza za dakika tatu. Nikimaliza kusalimia ngome imeshaliwa.

Farasi wa Kondele
Kasuku acha uongo. Lichess saa haianzi kukimbia mpaka kila mmoja acheze hatua yake ya kwanza. Nafasi ya kubonyeza ipo, ni roho tu huna.

Kasuku254
Roho ninayo. Bando ndiyo sina.

Mama Pacha, Kiamunyi
Kutosalimiwa mimi hakunisumbui hata kidogo. Kinachonichoma ni mtu akiona chekimeti ni ya hatua inayofuata, anatulia tuli na dakika zake zote mkononi. Haondoki, hachezi, hakubali kushindwa. Hiyo ilinipata usiku mmoja watoto wamelala, nimeshazima taa, nimebaki kukodolea simu. Angetoka kabisa ningepewa nafasi ya kudai ushindi, lakini huyu yupo, nakiona kile kitone cha kijani. Zikibaki sekunde chache akaniuliza kwenye chati kama sina vyombo vya kuosha. Ndivyo nilivyojua si wa mbali! Kiswahili sanifu kabisa. Nikampiga ripoti nikalala.

Jirani Section 58
Hao wapo wengi. Pole mama.

Omwami Kanduyi
Lakini pia tuhurumiane. Ukiona mtu wa huku amenyamaza katikati ya mchezo usiseme ana kiburi, stima imepotea.

Farasi wa Kondele
Stima na simu zinahusiana wapi?

Omwami Kanduyi
Waifai, ndugu yangu. Waifai.

Mchuuzi wa Kibuye
Mada hii imenitonesha kidonda. Nilicheza na mtu fulani, nikamla malkia mapema. Kuanzia hapo kila akipata nafasi ananiomba sare. Nakataa, anaomba. Nakataa, anaomba. Nilipomshinda akaanza: mwizi wewe, unatumia kompyuta. Kisha matusi ya mama, nusu Kiswahili nusu Dholuo, nikajua huyu ni wa hapa hapa. Nikapiga picha ya skrini. Jina lake la mtandaoni lina herufi moja imerudiwa mara tatu, halisahauliki.

Miezi ikapita, nikaenda mashindano hapa Kisumu. Ukumbi umejaa, vijana wa shule na masweta yao. Mwamuzi akasimama mbele, shati limechomekwa vizuri, akatusomea adabu. Simu zizimwe. Mpe mwenzako mkono kabla na baada. Ukishindwa shindwa kiungwana. Halafu akasema anayetaka mazoezi ya jioni amtafute Lichess, akachukua kalamu ya buluu akaandika jina lake ubaoni. Herufi moja. Mara tatu.

Nilitaka kuhakikisha kwenye picha yangu lakini simu imezimwa, na kuiwasha pale ni kupoteza mchezo. Nikakaa nayo rohoni. Raundi ya tatu kijana wa chuo akamshika farasi wake, akaona akimwondoa, malkia atabaki wazi, akamrudisha, akanyoosha mkono kwa askofu. Nikasimamisha saa. Sasa ni nani wa kuitwa? Ni yeye. Akaja, akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama baba mkwe: ulimgusa? Kijana akajitetea kwamba alikuwa anamweka sawa tu. Akamjibu kwamba anayetaka kuweka sawa hutangaza kabla ya kugusa, cheza farasi. Nikashinda. Akanipa mkono, "mchezo safi sana bwana." Nikaupokea. Sikusema neno.

Jirani Section 58
HAPANA. Haiwezi kuishia hapo!

Kasuku254
Tutajie jina la huyo mzee.

Mchuuzi wa Kibuye
Sitaji. Ana familia, na alinihukumia haki.

Mama Pacha, Kiamunyi
Haki gani? Mtu anatukana mama za watu usiku, asubuhi anafundisha watoto wetu adabu. Peleka hiyo picha kwa wanaomteua.

Omwami Kanduyi
Taratibu mama. Huenda akaunti inatumiwa na kijana wake. Nyumba nyingi simu ni moja.

Mama Pacha, Kiamunyi
Wanaume mnavyoteteana!

Farasi wa Kondele
Ungemnyima mkono tu. Kuna Mrusi aliwahi kufanya hivyo.

Mzee wa Sataranji, Busia
Si Mrusi. Ni Ivan Cheparinov wa Bulgaria, mashindano ya Wijk aan Zee kule Uholanzi, 2008. Alikataa mkono wa mpinzani wake, Mwingereza Nigel Short, mwamuzi akampa Short ushindi. Cheparinov akakata rufaa, akaomba radhi, wakaamriwa warudie mchezo. Short akamshinda ubaoni. Kwa hiyo Mchuuzi angenyima mkono, ambaye angeingia matatani ni yeye.

Farasi wa Kondele
Ule ulikuwa mkono wa kabla ya mchezo, tena wa mpinzani. Huu ni wa mwamuzi, mchezo umeisha.

Mzee wa Sataranji, Busia
Na bado ulisema Mrusi.

Jirani Section 58
Mimi nadhani tatizo ni drafti. Pale chini ya mti bila kumkejeli mwenzako hujacheza, na watazamaji wanasaidia. Watu wanabeba ule mdomo wanaingia nao mtandaoni kwa mtu asiyewajua.

Omwami Kanduyi
Drafti tunakejeliana tukitazamana. Ukizidisha unaona ngumi inakuja.

Kasuku254
Dawa ni kufunga chati. Kwenye kompyuta bonyeza herufi z, majina na maongezi yote yanapotea, unabaki na ubao.

Mama Pacha, Kiamunyi
Wengine tunacheza kwa sababu ya hayo maongezi. Kuna bibi wa Ufilipino tunasalimiana kila tukikutana, akinishinda ananiandikia GG mimi ya kwangu ikiwa bado vidoleni.

Farasi wa Kondele
GG huanza aliyeshindwa. Mshindi akiitanguliza ni dharau.

Mama Pacha, Kiamunyi
Nani amesema?

Mwalimu wa Lurambi
Mimi niliuliza salamu tu jamani. Kasuku, nipe jina lako la Lichess leo saa tatu usiku.

Kasuku254
Dakika tatu, na sisalimii.

Mwalimu wa Lurambi
Kumi, au hatuchezi.