Hoja ya "kila kitu kina chanzo" inatuangusha waumini

Wadau, mijadala ya kuwepo kwa Mungu hufia palepale. Muumini anasema kila kitu kina chanzo, basi ulimwengu nao unacho, nacho ni Mungu. Mwenzake anauliza: na Mungu je, ametoka wapi? Hapo sauti zinapanda. Mimi ni muumini, na nasema swali hilo ni la haki. Tumelikaribisha wenyewe tuliposema "kila kitu".

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alikuwa mwangalifu zaidi: kila kinachoanza kuwepo kina chanzo. Sawa, lakini sasa ni juu yako kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza. Wengi wetu tunakimbilia Mlipuko Mkuu, nadharia ya sayansi kwamba ulimwengu ulitanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, mmoja wa waasisi wa nadharia hiyo, mwenyewe alikataa kuigeuza ushahidi wa dini. Na Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, alishakiri, karne ya 13, kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa dunia ina mwanzo.

Ndiyo maana namrudia mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Sina (980–1037). Yeye hakuhitaji mwanzo wowote. Aliona ulimwengu umekuwepo daima, na hoja yake bado inasimama. Kila tunachokiona kingeweza kutokuwepo. Kuwepo kwake ni kwa kuazima. Chukua sufuria ya shughuli: umeiazima kwa jirani, naye kaiazima kwa shemeji yake, naye kwa mwingine. Refusha msururu huo utakavyo, hata usiwe na mwisho. Kama wote ni waazimaji, sufuria imefikaje jikoni kwako? Lazima yupo mwenye nayo. Huyo ndiye ambaye Ibn Sina alimwita Wajibul-Wujudi, yaani ambaye kuwepo kwake hakutoki kwa mwingine.

Jibu zito ninalolijua ni la Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza asiye muumini, alipojadiliana na padri Copleston redioni BBC mwaka 1948. Kila mtu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Ulimwengu upo tu, basi. Hoja ya mama naikubali, ila haigusi ya sufuria. Mara nyingine sifa ya sehemu zote huwa sifa ya kitu kizima: mashua iliyoundwa kwa mbao tupu ni ya mbao. Na waazimaji hata wakiwa maelfu hawazai mmiliki. Nanyi mnaosema "upo tu", nielezeni kwa nini jibu hilo linatosha kwa ulimwengu wote, wakati hamlikubali kwa moto uliounguza nyumba moja.

Panaponisumbua ni baada ya hapo. Mwenye sufuria amepatikana, lakini je, anasikia dua? Ibn Sina alisema Mungu anayajua mambo kwa namna ya jumla tu, na al-Ghazali akamshambulia vikali kwa hilo. Hapo sijapata daraja linaloniridhisha. Waumini wenzangu, mwenye nalo alilete, tulipime.