Nondo wetu wa Lubumbashi wanakataliwa eti "si msimu wake"

Bandugu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tangu mvua za kwanza za Novemba tunakesha, mimi na vijana wanne wa hapa Katuba, nyuma ya nyumba ya shangazi. Tumetundika shuka jeupe kwenye kamba, mbele yake taa ya betri, maana umeme wa mtaa wetu hauaminiki. Kila nondo anayetua tunampiga picha, mbawa juu na chini, rula kando, tunaandika saa na mahali. Tumetuma rekodi 63 mtandaoni, kwa wanaokusanya na kuhakiki rekodi za nondo. Jana nafungua simu: 41 zimekataliwa. Sababu ni moja, imenakiliwa mara 41: "Tarehe si ya msimu wa spishi hii."

Msimu wa nani? Novemba ni baridi huko kwa waliotunga hiyo kalenda. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta! Kwetu baridi na ukavu ni Juni na Julai, na wakati huo nondo hawa wakubwa bado ni pupa chini ya udongo. Wanatoka mvua ikishalowanisha ardhi. Nimeandika mara mbili kueleza. Mhakiki akanijibu: "Jaribuni tena Juni."

Wapo nondo wadogo wa kahawia ambao picha haitoshi, mpaka mtu apasue na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Kati ya zile 41, wa namna hiyo ni 6, sibishani. Lakini Gynanisa, mmoja wa nondo hao wakubwa, mwenye doa kama jicho kwenye kila bawa la nyuma, mpana kuliko kiganja changu, anatiliwa shaka kwa sababu ya tarehe tu?

Na hawa ndio wazazi wa vinkubala, wale viwavi tunaokula, bandugu. Vile vikavu mama zetu wanavyopima na kuuza kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, vilivyotulipia ada wengi wetu. Nondo mwenyewe akishatoka hali chochote, mdomo wake haufanyi kazi. Anaishi siku chache, anataga, anakufa. Usipomwandika usiku ule, umemkosa mpaka mwaka ujao. Huku miti ya mitondo na misamba inakatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, na shangazi anasema zamani vinkubala aliokota kwa mguu, leo anapanda gari. Tutaonyeshaje kwamba wanapungua, ikiwa rekodi za walioonekana zinatupwa?

Ninachotaka: zile 35 zirudishwe, na rekodi za huku ahakiki mtu anayeujua msitu wa miombo. Wapo, tena wengi.

Wenzetu wa Likasi, Kipushi na Kolwezi mliojibiwa hivyo hivyo, wekeni hapa chini tarehe na jibu mlilopewa, nizikusanye kabla ya Jumatatu.