Familia ya Uyole (Wote Tumo)

Jumatano

[06:12] Atu: Mugonile jamani. Mayai ya kware leo siku ya 14. Jana nimeyamulika na tochi ya simu. Yana madoa, kuona ndani ni shughuli. 31 yanapitisha mwanga tupu, nimeyatoa. Yaliyobaki yameshajaa giza, pembe ya hewa tu ndiyo inang'aa.

[06:14] Atu: Jioni naacha kuyageuza na naongeza maji kwenye trei. Jumamosi au Jumapili wanatoka. Swali: watalelewa wapi?

[07:03] Atu: Naona tiki za bluu tu.

[07:55] Atu: Hapa Forest nimepanga, na mwenye nyumba keshanuna kwa mlio wa mashine ya kutotolea. Kwa Babu kuna stoo. Kila mmoja atoe 15,000, ya balbu, pumba za mbao na chakula. Wanataka protini kama asilimia 24, na kisagwe laini, kile cha kuku wa mayai hakiwafai.

[08:31] Bamdogo Ambwene: Hawa si ndio wanatibu sukari na presha 😂

[08:33] Atu: Shikamoo Bamdogo. Hawatibu kitu, ni mayai tu. Maneno hayohayo ndiyo yaliwaponza watu Kenya, 2014 bei ikaporomoka wakabaki na mabanda.

[08:40] Tusa: Supu ya kware mmoja inajaza kijiko 😂😂

[08:41] Bamdogo Ambwene: Cha chai

[08:41] Tusa: 😂😂😂

[08:52] Lugano: Kabla ya hiyo 15,000, hela ya viazi vya Isyonje iliishia wapi?

[08:55] Atu: Lugano, viazi tuliviongea msibani.

[08:56] Lugano: Mliviongea ninyi. Mimi nilikuwa narudisha viti.

[08:58] Tusa: Leo tumefika viazi 🍿

[09:10] Atu: Jamani vifaranga wa kware ni saizi ya kidole gumba. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 35 mpaka 37, na baridi ya Uyole Julai mnaijua. Umeme ukikatika usiku wanalundikana, wa chini wanakufa. Na kuwategemea majike wawalee hakuna, kware wa kufugwa hawaatamii.

[09:11] Atu: Nimewaza jiko la mkaa liwe tayari stoo, umeme ukienda linawashwa.

[09:30] Mama Neema: Nimetuma 15 yangu. Ila Jumapili ni kipaimara cha Neema, msinihesabie.

[09:34] Bamdogo Ambwene: Kipaimara na supu ya kijiko 😂

[11:20] Babu: Jiko la mkaa halilali ndani ya nyumba yangu. Stoo nayo ni nyumba. Wote mnajua.

[13:47] Atu: Sawa Babu.

[13:49] Mama Neema: Ndaga Babu.

[14:05] Shangazi Subi: Tumieni madumu ya maji ya moto. Funga na blanketi kuukuu, weka katikati ya boksi, wao wenyewe wanajibana pembeni. Sisi tuliokoa hivyo vifaranga wa kuku. Na msitandike gazeti chini, linateleza, miguu inapanuka wanakuwa vilema.

[14:08] Shangazi Subi: Chombo cha maji wekeni kokoto. Vinginevyo wanazama humohumo.

[14:11] Atu: Asante Shangazi. Sasa nani anaamka usiku kuchemsha maji? Babu asisumbuliwe.

[14:50] Atu: ?

[16:22] Lugano: Madumu ninayo mawili. Kulala stoo naweza Jumamosi. Jumapili sijui.

[16:23] Atu: Ubarikiwe.

[16:24] Lugano: Viazi bado.

[18:09] Eliya: Poleni nilikuwa kazini, bando nalo limeisha. Hongereni sana 🎉 mtoto wa nani?

[18:10] Tusa: 😂😂😂😂

[18:15] Babu: Stoo ina mbolea ya Lugano. Itoke kwanza.

[18:31] Lugano: Kesho Babu. Nikipata mtu wa toroli.

[18:40] Bamdogo Ambwene: Atu, majike mangapi? Mimi nataka wa kutaga tu.

[18:44] Atu: Bamdogo bado wako kwenye mayai! Tutawatambua wakifika wiki kama tatu, dume kifua kinakuwa chekundu bila madoa. Kutaga ni wiki ya sita au saba. Mpaka sasa aliyetoa hela ni Mama Neema peke yake.

[18:52] Bamdogo Ambwene: Ujumbe huu umefutwa