Mavazi ya jadi ya Walatvia walio ughaibuni: ukali wa masharti yake umetoka wapi?

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Katika matamasha ya nyimbo ya Walatvia (watu wenye asili ya Latvia, nchi ya Ulaya) wa Marekani na Kanada, wazee hawapendi kuona sketi ya wilaya moja ikivaliwa pamoja na shali ya wilaya nyingine, ingawa wavaaji wengi wamezaliwa ughaibuni. Kwa nini?

Jibu la kwanza: Dada, anzia mwaka 1944, Walatvia wengi walipolikimbia jeshi la Kisovieti na kuingia Ujerumani. Baada ya vita waliishi katika kambi za wakimbizi, mojawapo ikiwa ya Esslingen, ambako waliandaa tamasha la nyimbo mwaka 1947, kisha wakatawanyika hadi Marekani, Kanada, Australia na Uingereza. Aliyepoteza shamba na nyumba bado aliweza kuonyesha kwao ni wapi kwa nguo aliyovaa: sketi nyekundu ya Nīca, karibu na pwani ya kusini-magharibi, au mkanda mrefu mwekundu na mweupe wa Lielvārde, kando ya mto Daugava. Hata kichwa kilisema, kwani msichana huvaa taji, na mwanamke aliyeolewa hujifunika kitambaa au kofia. Kwa watu hao, kuchanganya wilaya kulikuwa sawa na kufuta kijiji cha mtu.

Jibu la pili: Naafiki, ila tusisahau kwamba mavazi haya yalikuwa yakiachwa kuvaliwa kila siku tangu karne ya 19. Yalipata uhai mpya katika matamasha, la kwanza likifanyika Riga mwaka 1873, na upangaji makini wa wilaya kwa wilaya ulikolea katika miaka ya 1930. Wakimbizi waliondoka na mpangilio huo ukiwa bado mpya, wakaulinda kwa uaminifu ninaouheshimu sana. Hata hivyo, sarafu za fedha za lati 5 (lati ilikuwa fedha ya Latvia) za enzi ya uhuru kabla ya vita ziligeuzwa bizimu za kifuani, pambo lisilo la wilaya yoyote ya kale, na kwangu hilo ni la jadi kikamilifu.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, mwenye asili ya wilaya mbili avae ipi?

Jibu la pili: Wengi hufuata upande wa mama au bibi. Achague mmoja, kisha avae seti yake nzima, kuanzia shali hadi soksi.