Naomba ushauri: kutoa masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) kunaongeza nguvu ya gari kweli?

Habari zenu wakuu. Gari yangu ni ya petroli, cc 1500, otomatiki. Siku hizi imekuwa nzito kwenye kilima: nakanyaga mafuta, inanguruma tu, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inagoma kupita 3000. Kwenye tambarare haina shida. Taa ya cheki injini iliwaka, mashine ikasoma P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Plagi na chujio la hewa nimebadilisha, hali ni ileile.

Fundi anasema dawa ni kuyang'oa, tuchomelee bomba tupu, eti gari itaruka. Nasita. Ninavyoelewa, masega yakiziba kweli moshi unakosa njia na injini inakabwa, lakini yakiwa mazima nguvu yanayopunguza ni ndogo mno. Tena sensa ya oksijeni ya nyuma itagundua hayapo, taa ibaki inawaka, na monoksidi ya kaboni itoke kama ilivyo. Kelele sizitaji.

Wenye uzoefu, nitajuaje kama yameziba kabla hatujakata kitu? Nimesikia mtu anaweza kufungua sensa ya mbele na kupima presha ya moshi kwenye tundu lake. Ni kipimo gani kinaonyesha yameziba?

Na kwa mliotoa masega yakiwa mazima: nguvu iliongezeka, au ni mlio tu? Ulaji wa mafuta je?

Natanguliza shukrani.