Wajuzi wa Kiingereza, lini naweka "to" na lini "ing"? Nahitaji msaada wa haraka

Kibarua wa Usiku:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina swali la sarufi tu. Kitenzi cha Kiingereza kikifuatwa na kitenzi kingine, nitajuaje cha pili kinakuja na "to" au na "ing"? Mfano "remember", "stop", "try". Nikiwasikiliza watu naona kama wanaweka chochote na bado wanaelewana. Mtu akikosea hapo maana inabadilika kweli, au ni urembo? Nahitaji jibu kabla ya asubuhi. Msinitukane.

Niko Pale:
Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Chaki Nyeupe:
Kanuni moja ya kumaliza kazi hakuna mkuu, ila kuna mwelekeo. "To" hutazama mbele, jambo bado halijatendeka: "hope to win", "promise to pay", "refuse to sign". "Ing" hukaa na jambo lililopo au lililokwisha kutokea: "enjoy reading", "finish eating", "deny stealing". Usiuamini sana lakini huo mwelekeo. "Avoid" na "suggest" vinachukua "ing" hata kama jambo lenyewe halijatokea, hapo unakariri tu. Na "can", "must", "should" havitaki "to" wala "ing".

Hivyo vitatu ulivyovitaja ndivyo vya hatari, kwa sababu vinakubali njia zote mbili na maana inageuka. Umevitoa wapi?

Mama Pacha:
Mimi nilikwenda kwenye usaili nikamaliza kwa madaha, "I look forward to work with you". Nimefika nyumbani binti yangu ananiambia mama, hapo ni "working", hiyo "to" si ile ya kitenzi, ni kihusishi kama "kwa", na baada ya kihusishi Kiingereza kinataka "ing". Kazi nilipata lakini. Aliyenisaili naye aliniandikia "looking forward to work with you", tukawa ngoma droo.

Mzee wa Busara:
Vijana mnakesha kwa ajili ya "to"? Lugha yenu mnaijua? Ukimuuliza kijana wa leo kitenzi jina ni nini anakukodolea macho. Tusipoheshimu cha kwetu tutaendelea kuhangaika na cha wenzetu hadi kiama.

Mdau Mjuaji:
Viwili tu mnahangaika? Chukueni hii: "He must have been being watched." Vitano, na hakuna kinachoruhusiwa kuruka foleni. "Must" kinataka jirani yake abaki mtupu, ndiyo maana ni "have" na si "has" wala "had". "Have" kinadai "been", "been" kinadai "being", "being" kinadai "watched". Kila kimoja kinampangia wa mbele yake tu. Sisi tungesema "atakuwa alikuwa anafuatiliwa", na kila kitenzi kimebeba nafsi yake mgongoni. Kwa Kiingereza nafsi haibebwi na yeyote, imekaa nje mbele, na alama ya wakati inaruhusiwa kwenye kitenzi cha kwanza peke yake.

Kibarua wa Usiku:
Mdau, asante lakini hiyo siihitaji. Nahitaji hivyo vitatu.

Chaki Nyeupe:
Kibarua, sarufi haina dharura ya usiku. Weka sentensi zenyewe hapa.

Kibarua wa Usiku:
Sawa. Ni hizi:
"I did not remember to lock the store."
"I stopped checking the back door."
"I tried to call the supervisor."
Nilikusudia kusema sikumbuki lile tendo la kufunga, maana nafunga kila siku na mkono unakwenda wenyewe. Pili, nilisimama kidogo nikague mlango wa nyuma. Tatu, nilimpigia msimamizi, simu ikaita hadi ikakatika.

Chaki Nyeupe:
Aisee.

Ya kwanza inasema hukukumbuka kufunga, maana yake stoo ilibaki wazi. Ulichotaka ni "I do not remember locking". Mtego uko kwenye "ku-" yetu. "Sikumbuki kufunga" inavumilia yote mawili, na msikilizaji anapima kwa mazingira. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Inasema uliacha kukagua mlango wa nyuma, yaani ulikuwa ukikagua zamani ukaona haina haja. Ulitaka "I stopped to check". Hapa sisi hatukosei kamwe, kwa sababu "niliacha kukagua" na "nilisimama nikague" ni vitenzi tofauti, na ile "-e" ya mwisho inabeba lengo. Ukitafsiri toka kichwani, hiyo "-e" ndiyo uigeuze kuwa "to".

Ya tatu haina ubaya. Ila "tried to call" inaweza kusomeka kwamba hata kupiga hukufanikiwa. "I tried calling" inasema ulipiga, ukaona haisaidii. Ungeandika tu "I called, he did not answer" pasiwe na mnyororo.

Sasa swali langu. Hii ni rasimu, au karatasi imeshatoka mkononi?

Kibarua wa Usiku:
Ni mfano tu mkuu.

Mama Pacha:
Mfano wenye msimamizi na mlango wa nyuma? Sema baba, hapa hakuna anayekujua.

Kibarua wa Usiku:
Haya. Ni barua ya kujieleza. Kuna mali imepungua stoo, na mwenye ufunguo usiku ule ni mimi. Nimeshaikabidhi na sahihi yangu iko chini. Kesho nimeitwa kikao. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nikaambiwa nijaze hapo hapo. They made me to sign.

Mdau Mjuaji:
"They made me sign." Bila "to". Ukitaka "to" igeuze: "I was made to sign." Hapo inarudi.

Niko Pale:
Mdau, mwenzio anazama wewe unamsahihisha anavyopiga kelele.

Kibarua wa Usiku:
Basi niseme yote. Karani wa masijala ninafahamiana naye. Nimeshaandika upya ukurasa wa pili, atanisaidia kuuweka kwenye faili kabla ya kikao. Nilitaka tu uhakika wa vitenzi ili nisirudie. Na msije mkaniambia ni kughushi. Maneno ni yangu, sahihi ni yangu, tukio ni lile lile. Nasahihisha lugha.

Mzee wa Busara:
Nilijua. Mwanzo wa sarufi, mwisho wa jinai.

Mama Pacha:
Kusahihisha lugha kunahitaji karani afungue faili gizani? Kwa ile barua ya kwanza wewe ni mlinzi aliyesahau. Ukibadilisha ukurasa unakuwa mlinzi aliyesahau na akachezea ushahidi. Na huyo karani ana watoto.

Kibarua wa Usiku:
Yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri. Na bosi bado hajaisoma.

Tupa Kule:
Chai hii. Tena imekolea tangawizi. Mtu hajui "to" wala "ing", halafu makosa yake yameangukia "remember", "stop" na "try", vile vile ambavyo kila kitabu cha sarufi huvitolea mfano? Angekosea "enjoy" ningemwamini. Subirini, kesho atajitokeza msamaria na namba ya darasa la Kiingereza.

Mama Pacha:
Viko vitabuni kwa sababu ndipo watu wanapojikwaa. Hakuna kitabu kinachoweka bango mahali pasipo shimo.

Tupa Kule:
Haya, na barua iliyokabidhiwa haijasomwa, kikao kimeshaitishwa? Wanaitisha kikao cha nini?

Kibarua wa Usiku:
Kikao kiliitishwa kwa sababu ya upungufu wa mali, barua ikaombwa baadaye. Kama huamini pita.

Niko Pale:
Chai au si chai, "stop" nimeielewa leo baada ya miaka yote ya shule. Mimina.

Mdau Mjuaji:
Mtunga chai asingeandika "made me to sign". Kosa hilo huja lenyewe, kwa sababu "walinifanya nisaini" tayari ina ile "-e" na kichwa kinaitafutia "to" yake. Chai haifiki huko.

Tupa Kule:
Au ni wewe Mdau mwenye akaunti mbili.

Chaki Nyeupe:
Kibarua, waache hao. Barua ya kwanza isiguswe, na karani umwambie asihusike. Andika barua ya nyongeza, yenye tarehe ya leo, inayotaja ile ya kwanza. Eleza kwa Kiswahili kilichotokea, sentensi fupi, na useme wazi kwamba haya ndiyo maelezo yako kwa lugha unayoimudu. Chini yake weka Kiingereza: "I do not remember locking the store that night. I stopped to check the back door. I called the supervisor; he did not answer." Ikabidhi mwenyewe kwa mkono kabla hawajaanza kuzungumza, ubaki na nakala.

Na jiandae. Watakuuliza kama ulifunga. Hata Kiingereza kikinyooka, "sikumbuki" haijawa "nilifunga".

Kibarua wa Usiku:
Nilifunga. Nina hakika kama asilimia tisini.

Tupa Kule:
Hizo kumi ndizo zilizoondoka na mali.

Kibarua wa Usiku:
Karani nimeshamtumia ujumbe kwamba tuache. Barua ya nyongeza nimeianza hivi: "I regret to sign the first letter." Iko sawa?

Chaki Nyeupe:
"I regret signing." "Regret to" ni ya kutangaza habari mbaya inayofuata, kama "we regret to inform you".

Halafu hiyo sentensi ifute kabisa.